Sifa Hazibebi Mtoto: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kufika siku ya leo tukiwa hai. Wako wenzetu watatu tulioanza nao ambao wametangulia. Tuwakumbuke. Pili nawashukuru ninyi wote mlioacha shughuli zenu, maana najua huu ni msimu wa kuvuna mihogo na jua hili la Nyegina si la mchezo.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Nimeandika hotuba hii mwenyewe kwenye daftari, katibu akainakili vizuri. Alitaka kunibadilishia maneno, nikamwambia aniachie kama nilivyosema. Mtakapokuta makosa, ni yangu, si yake.

Ndugu mgeni rasmi,
Wengi wenu mnakijua kikundi hiki kwa sare na kwa sanduku. Tulianza wanawake 22 chini ya mwembe. Hisa moja ilikuwa Sh. 1,000, na kila wiki kila mmoja alitoa Sh. 500 ya mfuko wa jamii. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wa nyumba tofauti. Wapo waliosema hatutamaliza mwaka, kwamba wanawake wakikaa pamoja miezi sita watagombana. Kugombana tumegombana sana, jamani, lakini sanduku halijawahi kupotea hata siku moja.

Mambo ya fedha mhazini ameyasoma, na mmeyapigia makofi. Sasa mimi sitayarudia. Nimeomba nafasi hii nizungumze habari ya akina mama watano wa kikundi hiki, wenye watoto walemavu, na nini walichotufundisha. Sitawataja majina, hapa wala kwenye kitabu, kwa sababu ndivyo walivyoniomba. Na nitaanza na kosa langu mimi mwenyekiti.

Mwaka wetu wa pili alikuwepo mwanachama mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne. Mtoto yule ana mtindio wa ubongo. Wakati ule alikuwa hakai, hasemi, shingo haikazi. Mama yake alikuwa anachelewa mikutano, na mara nyingine haji kabisa. Katiba yetu ilisema kuchelewa faini Sh. 500, kutokuja Sh. 1,000. Tukamtoza. Akalipa. Akachelewa tena. Tukamtoza tena.

Mwisho tukaitisha mkutano wa kumwondoa. Sababu tuliyoandika kwenye daftari ni utovu wa nidhamu. Lakini iko sababu nyingine ambayo hatukuiandika. Walikuwepo wenzetu waliosema kwamba mtoto yule ni mkosi, eti ndiyo maana mikopo mwaka ule ilikuwa hairudi. Mimi niliwasikia. Sikusema neno. Na ilipofika kunyoosha mikono, mkono wangu ndio uliotangulia.

Tukakata hisa zake kwenye mkopo aliokuwa nao, likabaki deni la Sh. 60,000. Baada ya miezi minne nikaenda kwake mimi na mtunza nidhamu kulidai. Kusema kweli tulikwenda tumejiandaa kubeba kuku na sufuria.

Tulimkuta uani. Alikuwa amechimba kishimo karibu na mlango, amekizungushia matambara, na mtoto ameketishwa humo mpaka kiunoni ili mgongo usimame. Anamlisha uji. Anatia kijiko, anangoja. Mtoto anameza nusu, nusu inarudi. Anafuta, anatia tena. Alitwambia, "Karibuni, mama mwenyekiti. Kaeni, siwezi kumwacha hapa katikati, akilala na uji mdomoni unaingia kifuani." Tukakaa. Tulingoja muda mrefu mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Yaani kikombe kimoja cha uji! Na hiyo ni mara moja tu ya siku, bado mbili.

Alipomaliza aliingia ndani akatoka na kopo. Akamwaga juu ya mkeka noti na sarafu. Tukahesabu Sh. 43,500. Akasema, "Nilikuwa nangoja zitimie. Kila ninapouza ndoo ya dagaa naweka kidogo. Bado 16,500."

Nilirudi nyumbani, usingizi haukuja. Asubuhi nikamwomba katibu daftari la mwaka ule. Nikakaa nalo, nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Alichelewa mara 31, hiyo ni Sh. 15,500. Hakuja mara 9, hiyo ni Sh. 9,000. Jumla faini tulizomtoza ni Sh. 24,500. Na hisa? Hisa yake haikukosekana wiki hata moja. Siku asizokuja aliituma kwa jirani.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Deni lililobaki ni 16,500. Faini tulizochukua ni 24,500. Kama tusingemtoza kwa sababu ya kumlisha mtoto wake, angekuwa amemaliza deni na kubaki na Sh. 8,000 mkononi. Tuliyemwita mtovu wa nidhamu ndiye aliyekuwa mwekaji bora kupita sisi wote. Mimi mwenyewe mwaka ule nilikosa hisa wiki sita.

Ndugu wananchi,
Nikaenda kumwomba arudi. Nilidhani atalia kwa furaha. Hakulia. Alisema, "Msinirudishe kwa huruma. Badilisheni saa ya mkutano, na mtu mmoja akae na watoto nje tukiwa tunahesabu. Mkishindwa, niacheni nilipe deni langu niishi kwa amani."

Tulibishana mikutano miwili. Ilipopigwa kura, 12 walikubali, 8 walikataa, mimi sikupiga kwa sababu ya kiti changu. Mmoja wa wale wanane alihama kikundi. Hiyo ndiyo gharama tuliyolipa. Mkutano ukatoka saa nane mchana ukaenda saa kumi jioni, na zamu ya kukaa na watoto ikaanza. Wa kwanza kushika zamu nilikuwa mimi. Niliona ilivyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi siku ile nililibeba lile kanda nikajua si usufi, ni mawe.

Aliporudi hakurudi peke yake. Walikuja wanne nyuma yake, ambao miaka yote walikuwa humu kijijini na hatukuwa tunawaona. Mmoja ana binti kiziwi. Mmoja ana mtoto mwenye ualbino. Mmoja ni bibi anayelea mjukuu mwenye kifafa. Na mmoja alikuja baadaye, akiwa na mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa.

Habari ya huyu wa mwisho ndiyo inayoniumiza, na lazima niiseme, maana sherehe isiyo na ukweli ni ngoma tu.

Mtoto alizaliwa salama, lakini miezi ikienda kichwa kikawa kinakua kupita mwili, macho yanatazama chini. Mganga wa zahanati akasema ni maji yamejaa kichwani, apelekwe haraka Mwanza, Hospitali ya Bugando, akafanyiwe upasuaji wa kuwekewa mrija wa kuyatoa. Mama hakuwa na nauli. Alikuja kikundini kuomba mfuko wa jamii. Tukafungua katiba. Katiba ikasema mfuko wa jamii ni wa msiba. Tukamwambia angoje mpaka mkutano mkuu.

Jamani, sikieni jambo hili. Tulikuwa na fedha za jeneza, hatukuwa na fedha za nauli. Kama mtoto yule angekufa siku ile, jioni yake sanduku lingefunguliwa. Kwa sababu alikuwa hai, tulimwambia angoje.

Alingoja wiki saba. Halafu tukachanga, wakapanda gari Musoma, wakapita Bunda, Lamadi, Magu, wakafika Bugando. Walipokelewa vizuri na mtoto akapasuliwa. Anaishi, mpo naye hapa, ndiye aliyekuwa anapiga debe wakati wa kwaya. Lakini maji yalikuwa yamekandamiza kichwa muda mrefu, na macho hayakurudi. Sijui kama wiki zile saba ndizo zilizoyachukua. Daktari hakutwambia hivyo. Ila mimi wiki zile nimezihesabu mara nyingi.

Mwezi uliofuata tuliandika kifungu kipya: mfuko wa jamii utatoka kwa ugonjwa wa mtoto ndani ya siku moja, kwa sahihi za watu watatu wenye funguo, bila kungoja mkutano. Tangu hapo kifungu hicho kimetumika mara nyingi, na kwa watoto wasio walemavu pia. Malaria ya usiku, kuvunjika mkono, uzazi mgumu. Kila mwanachama aliyekitumia ajue ni nani aliyemlipia.

Akina mama wenzangu,
Nimesema nitaeleza walichotufundisha. Nitasema mambo matatu.

La kwanza ni akiba yenyewe. Sisi tulikuwa tunajua haba na haba hujaza kibaba kwa mdomo. Wao wanaijua kwa mikono. Yule mtoto wa kwenye kishimo, mama yake alifundishwa na mtaalamu wa mazoezi namna ya kumnyoosha viungo, namna ya kumbeba, namna ya kumlisha akiwa ameketi wima. Mume wa mwanachama mmoja, fundi seremala, akamtengenezea kiti chenye mkanda na kimeza mbele. Ilichukua miaka mitatu mtoto kukaa bila kushikwa. Miaka mitatu! Na mama yake alikuwa anatuhadithia kila wiki: leo ameshika kijiko, leo amegeuka nilipomwita. Sisi tulikuwa tunavunjika moyo gawio likipungua mwaka mmoja. Leo mtoto yule ana miaka kumi na miwili, anaita "mama", na anakijua kikombe chake kati ya vikombe vyote.

La pili ni kuacha uongo. Mtindio wa ubongo si laana, wala mama hakukanyaga kitu. Mara nyingi ubongo umeumia kabla ya kuzaliwa, au mtoto amekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au amezaliwa njiti, au amepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Ndiyo maana tunasisitiza kujifungulia kituoni na kuwahi. Kichwa kikubwa na mgongo wazi navyo vina habari yake: vidonge vya foliki vikitumiwa kabla ya mimba na miezi ya mwanzo hupunguza hatari ya mgongo wazi. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Kinatulizwa kwa vidonge vya kila siku, na ukiviacha kwa sababu umeona nafuu, kinarudi kwa nguvu. Bibi yetu hajui kusoma, lakini ameweka punje za mahindi kwenye kikombe, kila punje kidonge kimoja, na mjukuu hajakosa dozi. Na mtoto mwenye ualbino ni mtoto, ngozi yake haina rangi ya kuikinga na jua, basi. Anahitaji kofia, mikono mirefu na kukaa mbele darasani. Kanda yetu hii ya Ziwa imebeba aibu kubwa ya mauaji ya ndugu zetu hawa. Mama yake kwa miaka mingi alilala amemfunga binti yake kwa kanga kiunoni mwake, ili akivutwa usiku aamke.

La tatu ni maneno. Mwalimu mmoja alikuja kutufundisha akatuuliza: kwa nini mnasema kiziwi, kipofu, kiwete, kama kiti, kijiko na kikapu? Mtu anawekwaje kundi moja na vyombo? Tukacheka, halafu tukanyamaza. Siku hizi tunajitahidi kusema asiyeona, mwenye ualbino, mwenye ulemavu wa viungo. Ulimi mzito, hata mimi leo nimeteleza, mmenisikia. Lakini tunajifunza.

Ndugu mgeni rasmi,
Watoto hawa si wa kufungiwa ndani. Nchi yetu ilianza kuwasomesha zamani. Shule ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma ilianza mwaka 1950, na ile ya viziwi Tabora mwaka 1963, zote kwa mikono ya makanisa. Hapa kwetu Musoma iko Mwisenge, shule ambayo Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza mwaka 1934. Shuleni hapo husoma pia watoto wasioona. Mtoto wetu anayepiga debe mwakani anafikia umri wa kuanza shule, na mama yake ameanza kuweka hisa mbili badala ya moja. Mnajua kwa nini.

Tumeona pia watu wazima waliofika mbali. Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino, aliteuliwa Naibu Waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wetu Ujerumani. Ndugu Amon Mpanju, asiyeona, ni mwanasheria aliyefika kuwa Naibu Katibu Mkuu wa wizara. Mheshimiwa Stella Ikupa, mwenye ulemavu wa viungo, alikuwa Naibu Waziri kuanzia mwaka 2017. Kila mmoja wao alikuwa mtoto ambaye mtu fulani alimlisha, akamvusha barabara na kumfikisha shuleni. Sisemi kila mtoto wetu atakuwa waziri. Wengine hawatasema neno maisha yao yote, na hao nao ni wetu.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi na inampa mtoto haki ya kusoma. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016. Katika mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, wanawake wana 4, vijana 4, na watu wenye ulemavu 2. Ilisimama mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Lakini sheria haina miguu. Mama mmoja wetu alimpeleka mwanawe kwenye shule moja, sitaitaja, akaambiwa amrudishe nyumbani kwa sababu hakuna atakayempeleka chooni. Alimbeba mgongoni kwenda, akambeba mgongoni kurudi. Mtoto wa kilo ishirini na tano.

Sasa nafika mwisho. Tulipokuwa tunaandaa kitabu hiki cha miaka kumi, niliandika ukurasa wa kuwasifu akina mama hawa. Niliwaita mashujaa, nguzo, mfano wa kuigwa. Nikawasomea. Walisikiliza kwa heshima. Halafu yule wa kwanza, wa kopo la sarafu, akasema, "Mama mwenyekiti, asante. Lakini sifa hazibebi mtoto. Ukurasa huo ufute, uandike zamu."

Nikaufuta. Kwa hiyo haya ndiyo niliyoagizwa niyaseme.

Kwa wanachama: orodha ya zamu iko ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Sasa zamu si ya siku ya mkutano tu, ni nusu siku kila wiki, ili mama aende sokoni, shambani, au alale. Mistari minane bado haina majina. Kalamu ninayo mimi, na jina langu nimeshaliandika la kwanza.

Kwa akina baba: katika akina mama watano, watatu waliachwa baada ya mtoto kuzaliwa. Mtoto hakuumbwa na mtu mmoja. Na mnaocheka, kumbukeni hujafa hujaumbika.

Kwako mgeni rasmi: tunaomba shule zetu za hapa ziwekewe njia ya kupitisha kiti cha magurudumu na choo kimoja ambacho mtoto mlemavu anaweza kukitumia. Mawe na mchanga tutasomba sisi. Mawe Nyegina hayajawahi kutuishia. Tunaomba saruji, fundi, na mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu.

Na kwako mwenzangu, nimekuomba msamaha nyumbani kwako, na leo naomba mbele ya watu wote, kama nilivyonyoosha mkono mbele ya watu wote. Zile Sh. 24,500 mkutano mkuu umekubali zirudi. Mhazini anazo ndani ya bahasha. Uliniambia utanunua tairi la kiti cha mwanao. Basi tusikucheleweshe tena.

Kikundi hoyee! Watoto wetu hoyee!